Gari la Kifahari la Umeme: Je, Linafaa Kununuliwa?

Somo kwa mlaji wa Wasso, Loliondo na Karatu

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
- kutenganisha thamani ya gari na sifa zinazotangazwa na muuzaji;
- kukadiria gharama ya kuliendesha gari la umeme kwa bei za mahali anapoishi;
- kutambua kasoro zinazoweza kufichika katika gari la umeme lililotumika;
- kujua haki zake kisheria kabla na baada ya kulipa.

Utangulizi

Ukiacha nyumba, shamba na mifugo, gari ndilo kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ambavyo mwananchi wa kawaida hununua katika maisha yake. Kwa mkazi wa Wasso uamuzi huo ni mzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi fedha za gari hutoka zizini: mifugo iliyokuwa ikizaa huuzwa ili kupata chombo ambacho thamani yake hushuka kila mwaka. Zaidi ya hayo, gari la mtu mmoja kijijini ni gari la jirani zake pia. Mgonjwa akipewa rufaa usiku, au mjamzito akizidiwa, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari.

Magari ya umeme yameanza kuonekana katika nchi zetu, na baadhi yake ni ya kifahari: yana viti vya ngozi, vioo vikubwa vya kugusa, mwendo wa kasi na ukimya usio wa kawaida. Matangazo ya magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, Uingereza na China, huyaonyesha kwa bei zinazoshawishi. Swali ambalo mlaji huuliza ni hili: je, yanafaa kununuliwa?

Somo hili halimkatazi mtu kununua wala halimhimizi. Linamwonyesha njia ya kupima. Kanuni yake ni moja: gari la umeme hupimwa kwa umeme wa mahali linakolala na kwa barabara linayopita kila siku. Sifa lilizopata katika nchi lilikotengenezwa zina nafasi yake, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya vipimo hivyo viwili.

1. Maswali matatu ndani ya swali moja

Anayeuliza kama gari la kifahari la umeme linafaa huwa anauliza maswali matatu kwa pamoja, na kuyachanganya ndiko kunakoleta hasara.

Swali la kwanza ni la ufahari. Je, uko tayari kulipa mamilioni ya ziada kwa ajili ya starehe na heshima? Hili ni suala la hiari ya mtu na uwezo wake. Hakuna kosa kupenda kitu kizuri. Kosa ni kujidanganya kuwa starehe hiyo italipwa na akiba ya mafuta.

Swali la pili ni la umeme. Je, kuendesha gari kwa umeme kutakugharimu pungufu ya petroli au dizeli? Hili ni suala la hesabu, na jibu lake hubadilika kwa kila mtu kulingana na kilomita anazokwenda.

Swali la tatu ni la mahali. Je, gari hilo litafika uendako, litachajiwa utakapolala, na likiharibika litapata fundi? Hili ni suala la uchunguzi. Kwa Wasso na vijiji vyake, swali hili linapaswa kujibiwa kabla ya mengine yote.

2. Umeme wa mahali gari linakolala

Gari la umeme halina tangi la mafuta. Lina betri kubwa chini ya sakafu yake, na uwezo wa betri hiyo hupimwa kwa uniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Gari la kifahari huwa na betri ya uniti 80 hadi zaidi ya 100. Kwa mfano, Jaguar I-Pace, iliyoingia sokoni mwaka 2018, ina betri ya uniti 90.

Hapa mlaji azingatie mambo manne.

Kwanza, muda wa kuchaji. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa takribani kilowati 2.3. Betri ya uniti 90 ikiwa tupu, kwa soketi hiyo itahitaji saa 40 hivi ili ijae. Chaja maalumu ya ukutani ya kilowati 7 hupunguza muda huo hadi saa 13 au 14, yaani kutoka jioni hadi asubuhi. Lakini chaja hiyo huhitaji waya mnene, kinga yake yenyewe na utando mzuri wa umeme. Nyumba iliyounganishwa kwa kifaa cha UMETA, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya taa chache na vifaa vidogo, haiwezi kubeba mzigo huo. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague nyumba, na uulize ofisi ya TANESCO kama laini na transfoma ya mtaa wenu vinahimili.

Pili, bei ya uniti. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yumo katika kundi la D1, na hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa matumizi ya kawaida yumo katika kundi la T1, na hulipa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika takribani shilingi 356. Kuchaji betri ya uniti 90 mara moja tu, kutoka tupu hadi ijae, kunavuka kiwango cha D1 cha mwezi mzima. Maana yake ni kwamba gari litaihamisha nyumba yako yote kwenda bei ya juu. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa taa, redio na jokofu ilikuwa ikilipa kama shilingi 7,300 kwa mwezi. Kwa bei ya T1, uniti hizohizo 60 zitagharimu zaidi ya shilingi 21,000. Gharama hii haitajwi na muuzaji, lakini ni sehemu ya gharama ya gari.

Tatu, uhakika wa umeme. Loliondo ilitegemea kwa miaka mingi mashine za dizeli za TANESCO ambazo hazikuwa zimeungwa kwenye Gridi ya Taifa. Kabla ya kununua, chukua daftari na kwa muda wa miezi miwili andika kila umeme unapokatika: siku, saa, na muda uliochukua kurudi. Daftari hilo litakueleza ukweli kuliko mtu yeyote. Mwenye gari la dizeli umeme ukikatika hukosa taa. Mwenye gari la umeme hukosa taa na safari.

Nne, chanzo cha umeme. Wengi husifu gari la umeme kwa kuwa halichafui hewa. Sifa hii ni ya kweli pale umeme unapotokana na maji, jua au upepo. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa mwaka 2024, limeongeza sana umeme wa maji katika gridi. Lakini gari linalochajiwa kwa jenereta ya dizeli bado linakwenda kwa dizeli. Tofauti ni kwamba dizeli hiyo imeunguzwa nyuma ya nyumba badala ya kuunguzwa ndani ya injini.

3. Barabara

Kila tangazo la gari la umeme hutaja umbali linaoweza kwenda kwa chaji moja: kilomita 400, 470, 500. Namba hizo hazikubuniwa, lakini zimepimwa maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola katika joto la wastani. Rola haina kokoto, haina tope wala mlima.

Tutazame safari mbili ambazo wasomaji wetu wanazijua.

Safari ya kwanza ni Karatu hadi Arusha. Ni barabara ya lami yote, kwa kupitia Mto wa Mbu na Makuyuni, na kwenda na kurudi ni chini kidogo ya kilomita 300. Gari zuri lenye betri ya uniti 90, likiendeshwa kwa kiasi, linaweza kwenda na kurudi, ingawa dereva atarudi akiwa na akiba ndogo na akikabiliwa na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu. Akiweza kuchaji saa chache akiwa Arusha, hana wasiwasi.

Safari ya pili ni Wasso hadi Arusha kwa njia ya Ngare Sero. Ni zaidi ya kilomita 300 kwa kwenda peke yake. Kipande cha Wasso hadi njiapanda ya Sale, kilomita 49, kimewekwa lami, na ni faraja kubwa kwa wasafiri. Lakini baada ya hapo kuna mteremko mkali wa kuelekea Ziwa Natron, mawe, vumbi la volkano ya Oldoinyo Lengai na makorongo yanayojaa maji wakati wa masika. Ziwa Natron liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, nawe unaporudi unapanda kutoka huko hadi nyanda za juu za Loliondo.

Mlima hula umeme kwa kipimo kinachojulikana. Gari la tani mbili na nusu likipanda mita 1,000 hutumia takribani uniti 7 hadi 8 kwa ajili ya kupanda peke yake, mbali na zile za kusonga mbele. Ni kweli kwamba likiteremka mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, lakini hurudisha sehemu tu. Kwa hiyo, kwa njia ya mawe na milima, mlaji apunguze theluthi moja ya umbali uliotangazwa, kisha abakize akiba ya dharura isiyopungua moja ya tano ya betri. Gari la kilomita 450 katika tangazo hubaki gari la kilomita 240 za uhakika. Hazifiki Arusha.

Njia nyingine ya kupita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hadi Karatu ina sharti lake: magari hayaruhusiwi kusafiri humo usiku. Aliyechelewa kwa sababu ya kuchaji atalala getini.

Kuna pia tumbo la gari. Magari mengi ya kifahari ya umeme yametengenezwa yawe karibu na ardhi ili yakate upepo, na betri imelala chini kabisa. Jiwe ambalo kwa Land Cruiser ya mkonga lingekwaruza chuma, kwa gari hilo linaweza kugonga kifuniko cha kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo. Magari ya umeme yanayohimili njia mbaya yapo. Mwaka 2024 Mercedes-Benz ilianza kuuza G 580, yenye betri ya uniti 116, inayoweza kuvuka maji ya kina cha sentimita 85. Lakini ina uzito wa tani tatu, na bei yake mpya nchini Ujerumani ni zaidi ya yuro 140,000. Tena, uwezo wa kuvuka korongo hauondoi swali la wapi itachajiwa upande wa pili.

4. Hesabu

Sasa tufanye hesabu. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Kila msomaji aweke bei zake mwenyewe: bei ya uniti aitoe katika risiti yake ya LUKU, na bei ya mafuta aitoe katika bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, ambamo Karatu na Loliondo zina mistari yao. Tuseme petroli na dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, na umeme ni shilingi 356 kwa uniti.

Mfano wa kwanza: mwenye nyumba ya wageni, Karatu

Huyu huenda Arusha na kurudi mara mbili kwa wiki kupokea wageni na kununua mahitaji. Kwa mwaka hutembea kilomita 29,000, zote za lami.

- Gari la kifahari la umeme: shilingi 140,000,000. Hutumia uniti 28 kwa kilomita 100, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Yaani takribani shilingi 10,000.
- Gari la kifahari la petroli: shilingi 100,000,000. Hutumia lita 13 kwa kilomita 100; yaani shilingi 39,000.
- Gari la kawaida la petroli: shilingi 60,000,000. Hutumia lita 10 kwa kilomita 100. Yaani shilingi 30,000.

Akililinganisha gari la umeme na gari la kifahari la petroli, huokoa shilingi 29,000 kwa kila kilomita 100, sawa na shilingi 8,410,000 kwa mwaka. Tofauti ya bei, shilingi milioni 40, hurudi ndani ya miaka mitano kasoro kidogo. Kwa mtu anayetembea sana, hesabu hii ina mantiki.

Lakini akililinganisha na gari la kawaida, akiba hushuka hadi shilingi 20,000 kwa kilomita 100, sawa na shilingi 5,800,000 kwa mwaka, na tofauti ya bei hupanda hadi milioni 80. Sasa itachukua karibu miaka 14.

Somo kubwa limo hapa. Muuzaji atakulinganishia na gari la kifahari la petroli, kwa kuwa hapo ndipo gari lake linapoonekana la bei nafuu. Wewe linganisha na gari ambalo ungelinunua kama lile la umeme lisingekuwapo. Kama ungenunua gari la kawaida, basi hilo ndilo la kulinganisha.

Mfano wa pili: mfanyabiashara na mfugaji, Wasso

Huyu hutembea kilomita 12,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za njia mbaya. Badala ya gari la umeme la shilingi milioni 140, angenunua gari la dizeli la njia ngumu lililotumika kwa shilingi milioni 90.

- Gari la umeme, kwa njia mbaya: uniti 35 kwa kilomita 100, takribani shilingi 12,500.
- Gari la dizeli: lita 13 kwa kilomita 100, shilingi 39,000.

Akiba ni shilingi 26,500 kwa kilomita 100, sawa na shilingi 3,180,000 kwa mwaka. Tumwongezee shilingi 1,000,000 za matengenezo, kwa kuwa gari la umeme halibadilishwi oili ya injini wala chujio la mafuta. Tumtoe shilingi 168,000 za bei mpya ya umeme wa nyumbani tuliyoiona awali. Hubaki na akiba ya shilingi milioni 4 kwa mwaka. Tofauti ya bei, milioni 50, itarudi baada ya miaka 12 na nusu.

Sasa tuitazame milioni 50 hiyo kwa macho ya mfugaji. Tuseme ng'ombe mmoja ni shilingi 1,000,000: hao ni ng'ombe 50. Kwa miaka 12, hamsini hao wangezaa, wangekamuliwa na wangesomesha watoto, hata tukiondoa wale wa ukame na magonjwa. Kwa miaka hiyohiyo, gari litakuwa limezeeka.

5. Betri, plagi na dhamana

Katika gari la umeme lililotumika, mlaji ananunua betri ambayo imezungushiwa gari. Betri ikiwa nzima, gari ni zima. Betri ikichoka, vingine vyote ni mapambo.

Umri wa betri. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, na huahidi kwamba katika kipindi hicho uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Miaka hiyo huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari la miaka sita likifika Wasso limebakiwa na dhamana ya miaka miwili, na mara nyingi dhamana hiyo hutekelezwa katika nchi au eneo ambalo gari liliuzwa awali. Ikiwa hakuna wakala wa kampuni hiyo nchini, dhamana ni karatasi tu.

Afya ya betri. Odomita haitoshi. Dai ripoti ya kipimo cha afya ya betri, iliyosomwa kwa mashine kutoka kwenye kompyuta ya gari, ikionyesha asilimia iliyobaki, tarehe na namba ya chasi. Muuzaji akikataa kuitoa, hesabu kuwa betri ni mbovu.

Aina ya plagi. Magari ya Ulaya, ya Japani na ya China hayatumii plagi moja kwa chaji ya haraka. Mengi ya Ulaya hutumia CCS2, mengi ya Japani hutumia CHAdeMO, na yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia GB/T. Gari lenye plagi isiyolingana na vituo vilivyopo litabaki kuchajiwa polepole nyumbani. Magari ya soko la China huweza pia kuwa na usukani wa kushoto na maandishi ya Kichina kwenye kioo. Uliza kabla, na omba picha.

Sababu ya bei nafuu. Jaguar I-Pace iliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 60,000 ilipotoka; baada ya miaka michache, zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Magari ya kifahari hushuka thamani haraka, na ya umeme hushuka haraka zaidi, kwa kuwa wanunuzi wa pili huogopa betri. Mlaji asifikiri ameokota dodo chini ya mnazi. Kilichomshusha thamani mwenye gari wa kwanza kitamshusha na yeye atakapotaka kuuza, na soko la Arusha ni dogo kuliko la London.

Fundi na vipuri. Betri ya gari la umeme hubeba nguvu ya volti 400 au zaidi, na huweza kuua. Fundi wa kawaida, hata awe hodari wa injini kiasi gani, asiiguse bila mafunzo na vifaa vya kujikinga. Tafuta jina na mahali pa fundi aliyefunzwa kabla ya kununua, na uulize gari likikwama Engaruka litavutwa na nani, kwa shilingi ngapi. Magari mengi ya aina hii hayapaswi kuburutwa kwa kamba magurudumu yakizunguka. Hubebwa juu ya lori.

6. Kodi, bima na haki zako

Kodi. Ushuru wa magari hubadilika, mara nyingi kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Usitegemee kodi aliyolipa rafiki yako mwaka jana. Pata makadirio kutoka TRA kwa mwaka, aina na muundo wa gari lenyewe kabla ya kutuma fedha nje ya nchi.

Ubora. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la kuhakikisha magari yaliyotumika yanayoingia nchini yanakidhi viwango. Dai cheti chake. Kumbuka, hata hivyo, kwamba cheti cha usalama barabarani hakikuambii betri itadumu miaka mingapi.

Bima. Kwa gari la thamani hii, bima kubwa ni ya lazima kwa busara. Iombe kampuni ikuandikie kama betri iliyogongwa na jiwe inafidiwa, na kama gharama za kubeba gari kutoka njia ya Ngare Sero zimo.

Sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora, sifa au historia ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamlinda mnunuzi pale bidhaa isipolingana na maelezo yaliyotolewa. Lakini sheria hulinda kilichothibitishwa. Kwa hiyo, ahadi zote ziandikwe: umbali wa chaji moja, afya ya betri, muda wa dhamana na nani ataitekeleza. Dai risiti ya EFD. Ukinunua moja kwa moja kutoka nje, fahamu kwamba kumfuata muuzaji aliye ng'ambo ni kazi ngumu na ya gharama.

7. Ni nani anayefaidika?

Katika ukanda wetu wapo waliofaidika na magari ya umeme, na ni vema kujifunza kwao. Nchini Kenya, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa huitwa Roam, ilibadili magari ya utalii ya dizeli kuwa ya umeme, na kambi ya Emboo katika Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka wetu, imeyatumia ikiyachaji kwa jua. Kwa upande wetu, mwaka 2018 Mount Kilimanjaro Safari Club ilitambulisha gari la utalii la umeme.

Kwa nini yalifaa huko? Gari la kambi hutoka asubuhi, hutembea polepole kilomita zisizo nyingi, hurudi jioni palepale lilipotoka, na kuchajiwa kwa mitambo ya jua ya kambi yenyewe. Ukimya wake ni faida ya biashara, kwa kuwa wanyama hawashtuki. Wala hayakuchaguliwa kwa ajili ya ufahari: ni magari ya kazi yaliyotolewa injini na kuwekewa mota. Anayeishi Wasso akipata mazingira kama hayo, yaani safari fupi, chanzo chake cha umeme na gari la pili la dharura, anaweza naye kufaidika.

Zoezi

Jibu maswali haya kwa kuandika, ukiwa na mwenzi wako au familia yako:
1. Kwa wiki moja unatembea kilomita ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za lami?
2. Katika miezi miwili iliyopita umeme ulikatika mara ngapi kwa zaidi ya saa sita usiku?
3. Kama gari hili lisingekuwapo, ungenunua gari gani, na tofauti ya bei ni kiasi gani?
4. Gawanya tofauti hiyo kwa akiba ya mwaka. Miaka unayopata ni mingi kuliko dhamana ya betri iliyobaki?
5. Saa mbili usiku mgonjwa analetwa mlangoni kwako, naye ana rufaa ya kwenda Arusha. Betri imebaki robo. Utafanya nini?

Ikiwa swali la tano huna jibu lake, gari hilo lisiwe gari lako la pekee.

Muhtasari

Gari la kifahari la umeme ni chombo kizuri. Kwa anayetembea sana katika lami, mwenye umeme wa uhakika na ambaye angenunua gari la kifahari kwa vyovyote vile, linaweza kulipa. Kwa mwenye gari moja, anayeishi mbali na lami na anayeuza mifugo ili alinunue, hesabu ya leo haimpi nafuu. Bei, barabara na umeme hubadilika; kwa hiyo hesabu hii irudiwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa bei mpya na daftari jipya. Anayesubiri akipima hajapoteza kitu: ng'ombe wake wangali zizini.